Samadi ya punda aliyetibiwa isiende shambani mbichi

Punda akidungwa oksitetrasiklini, antibiotiki ya kuua bakteria, kwa ajili ya kidonda, sehemu kubwa ya dawa hutoka nzima kwa mkojo na kinyesi. Binadamu naye ni vivyo hivyo: takriban asilimia 60 ya amoksisilini, nayo antibiotiki, hutoka na mkojo ndani ya saa 6 hadi 8. Katika mitaa ya Mji wa Kale wa Lamu, ambako zizi, choo na kisima hukaribiana, inafaa kujua dawa hizo huishia wapi.

Wanaozivunja ni bakteria na kuvu wa udongoni, ila si kwa kasi moja. Penisilini na jamaa yake amoksisilini huvunjika upesi. Kimeng'enya (protini ya bakteria inayovunja vitu) kiitwacho beta-laktamasi, kilichoelezwa na watafiti Abraham na Chain mwaka 1940, hukata pete ndogo iliyo kiini cha dawa, nayo ikabaki butu. Sulfamethoksazoli, iliyomo kwenye septrini, huvunjwa na baadhi ya bakteria wa jenasi ya Microbacterium, wanaotumia kipande chake kama chakula. Oksitetrasiklini hung'ang'ania chembe za samadi na udongo wa mfinyanzi, kwa hiyo bakteria huifikia kwa shida. Siprofloksasini, antibiotiki nyingine, ndiyo kaidi zaidi: ikiwa majini jua huipunguza, lakini ikishazama kwenye tope hukaa sana.

Kuna jambo linalopaswa kututia wasiwasi. Kimeng'enya kinachosafisha udongo ndicho hicho hicho kinachomkinga bakteria dhidi ya dawa anapomvamia mgonjwa. Ndiyo maana kazi hii ya kuvunja dawa ni heri ifanyike kwenye rundo la mboji lenye joto kali, linaloua wengi wa bakteria hao, kuliko kwenye kitalu cha mchicha.

Rundo liwe na angalau mita 1 kila upande; likiwa dogo, joto hupotea. Changanya samadi na majani makavu au makuti yaliyokatwakatwa. Unyevu upime kwa mkono: kamua konzi moja, litoke tone moja au mawili. Yakichuruzika, ongeza makavu. Tumia maji baridi, si ya kisima cha chumvi, kwani chumvi hudhoofisha vijidudu na baadaye huunguza miche.

Joto linatakiwa lifike nyuzi 55 hadi 65 na lisishuke chini ya 55 kwa siku 15, huku rundo likipinduliwa mara 5, ya nje yaingie ndani. Asiye na kipimajoto achomeke nondo katikati kwa dakika chache, akiichomoa isishikike. Ikiwa vuguvugu tu, mara nyingi rundo limekauka, hasa wakati wa kaskazi. Harufu ya yai viza ni dalili ya kukosa hewa: pindua. Harufu kali ya mkojo ina maana samadi imezidi majani.

Funika kwa makuti, na masika yakikaribia uliinue rundo juu ya ardhi. Mvua ikilipitia hubeba dawa ambazo hazijavunjika hadi kwenye maji ya chini, na mchanga wa kisiwani hauzuii mengi. Joto likishashuka, liache likomae mwezi mmoja au miwili.

Vidonge vilivyobaki nyumbani visitiwe humo wala chooni. Uliza hospitali au duka la dawa kama wanavipokea kwa kuteketezwa.