Mkanda wa milimita 70 New York: uliobebwa na sauti na majengo

Nikisema tu kwamba kazi yangu ni kurusha filamu za mkanda, sio za kompyuta, swali linalofuata ni hilo hilo, eti mkanda wa milimita 70 kwa upana una uzuri gani kuliko wa kawaida wa 35? Ni mzuri ndio, fremu yake ina eneo zaidi ya mara mbili, mwanga mwingi unapita na picha inatulia hata kwenye skrini kubwa. Ila ukifuatilia majumba ya sinema ya New York utaona uzuri wa picha peke yake haukuwahi kutosha. Fox, kampuni ya filamu, walishaleta mkanda wa milimita 70 tangu 1929, wakauita Grandeur, ukafa haraka sana kwa sababu wenye majumba walikuwa ndo kwanza wametoa hela za vyombo vya sauti alafu mdororo wa uchumi ukawakuta, nani angenunua projekta mpya tena?

Kilichoamsha mji ni mfumo wa Cinerama, tarehe 30 Septemba 1952 pale Broadway Theatre. Hii haikuwa 70 kabisa, ilikuwa mikanda mitatu ya 35 inayorushwa kwa pamoja kutoka vyumba vitatu tofauti, fremu 26 kwa sekunde, kwenye skrini iliyopinda nyuzi 146, na sauti kwenye mkanda wake wa sumaku wenye njia saba. Skrini yenyewe haikuwa kitambaa kimoja, ilikuwa tepe nyembamba zaidi ya elfu moja zimening'inizwa wima, maana kwenye skrini iliyopinda vile mwanga wa upande wa kushoto unaruka unaenda kufifisha picha ya kulia, sasa tepe ndo zinauzuia. Na pale picha mbili zinapokutana waliweka vibati vyenye meno kama ya kitana ndani ya projekta, vinacheza juu na chini kwa kasi ili mstari wa maungio usionekane. Bado ulionekana! Na opereta watatu lazima waende sawa, mkanda mmoja ukikatika unachomeka fremu nyeusi kwa idadi ile ile iliyopotea, la sivyo mtu anatembea kutoka kushoto akifika katikati anapotea.

Mtayarishaji Mike Todd alikuwemo kwenye kampuni ya Cinerama akatoka, akataka ukubwa ule ule utoke kwenye projekta moja tu. Akaenda kampuni ya lenzi ya American Optical, na ndo ikaja Todd-AO, herufi mbili za mwisho ni hao hao. Negativu milimita 65, mkanda wa kurushia 70, zile 5 zilizoongezeka ni nafasi ya sauti, yani pembeni mwa matundu ya kuvutia mkanda wanapaka vistari vya sumaku, njia sita kwa jumla, tano zinatoka nyuma ya skrini na moja inazunguka ukumbini. Filamu ya kwanza, Oklahoma!, ilifunguliwa ukumbi wa Rivoli, Broadway, tarehe 13 Oktoba 1955, ikirushwa fremu 30 kwa sekunde badala ya 24 za kawaida.

Projekta yake walitengeneza Philips kule Uholanzi, DP70, na hapa naomba nisimame kidogo maana naipenda sana hii mashine. Inarusha 35 na 70 zote, na lile lango ambapo fremu inasimama mbele ya taa limepinda. Mkanda mpana ukipata joto la taa ya kaboni unabonyea katikati na picha inapoteza foukasi, lakini ukiulazimisha upite kwenye mpindo unakakamaa wenyewe, hauna pa kubonyea. Basi, tatizo kubwa limeisha kwa umbo la chuma tu. Zipo ambazo zinafanya kazi mpaka leo.

Miaka ya 1960 ndo enzi ya mkanda wa 70, tiketi za kuchagua kiti, mapumziko katikati, filamu moja inakaa ukumbini miezi. 2001: A Space Odyssey ilifunguliwa ukumbi wa Capitol tarehe 3 Aprili 1968, mwongozaji Kubrick akaitazama na watu alafu akaikata kama dakika 19. Mwaka huo huo Capitol ikafungwa ikabomolewa wajenge ofisi! Rivoli nayo ikaja kugawanywa kumbi mbili, ikafungwa 1987 ikavunjwa. Hapa sio mkanda ulioshindwa, ni kiwanja cha Broadway kilikuwa na thamani kuliko ukumbi wa watu elfu na zaidi.

Alafu kuna kitu watu wengi hawakijui, filamu nyingi za milimita 70 za mwishoni mwa miaka ya 1970 na za miaka ya 1980 zilipigwa kwa 35 zikakuzwa. Kwanini uzikuze? Sauti. Vile vistari vya sumaku vilikuwa na njia sita wakati 35 ya kawaida haikukaribia. Ndo maana sauti ya kidijitali ilipoingia kwenye 35, Dolby 1992 na DTS 1993, sababu ya kulipia 70 ikaondoka karibu kwa mkupuo, vyumba vingi vikang'oa mashine.

Wakati huo huo, 1994, jumba la sinema la Lincoln Square likafunguliwa Broadway na mtaa wa 68 likiwa na IMAX, mfumo wa skrini kubwa sana. Mkanda ni huo huo wa 70 ila unapita umelala, fremu moja inachukua matundu 15 badala ya 5, na jengo lilipangiwa skrini yenye upana wa karibu mita 30 tangu mwanzo. Nadhani hiyo ndo imeiokoa, maana Oppenheimer ilipokuja 2023, nakala moja ikiwa na urefu wa kilomita 18 hivi na uzito wa kilo 270, ni kumbi 30 tu dunia nzima zilizoweza kuirusha hivyo, na Lincoln Square ilikuwemo.

Kwa 70 ya matundu 5, angalia ratiba za sinema ya Village East kule Manhattan na Museum of the Moving Image kule Queens. Kabla hujanunua tiketi uliza nakala ni mpya au ya zamani, maana za zamani nyingi rangi imegeuka nyekundu, na uliza sauti inatoka wapi, DTS au vistari vya sumaku. Ukiambiwa sumaku na bado nzima, kaa katikati ya ukumbi, usikae nyuma, zile spika tano za mbele utazisikia kila moja mahali pake.