Je, wajua kwa nini namba ya simu uliyoirudia njia nzima hupotea?

Mtu katajiwa namba ya simu stendi ya Moshi. Anairudia kimoyomoyo hadi kwa wakala, anatuma hela, na akivuka barabara hana hata tarakimu moja. Wengi watasema hakuirudia vya kutosha. Dhana hiyo hiyo ndiyo huwakesha wanafunzi na daftari: kwamba jambo likisomwa mara nyingi litajisukuma lenyewe hadi kwenye kumbukumbu ya kudumu.

Kurudia kimoyomoyo huiweka namba hai kwa muda tu. Kumbukumbu ya muda mfupi hubeba mafungu machache, kama manne hivi, ndiyo maana tarakimu 10 huzikata vipande vitatu tunapotajiana. Mwaka 1959 Lloyd na Margaret Peterson, watafiti wa Marekani, waliwapa watu herufi tatu tu, kisha wakawahesabisha kurudi nyuma ili wasipate nafasi ya kuzirudia. Baada ya sekunde 18 karibu zote zilikuwa zimepotea.

Wala kumbukumbu haikai chumba kimoja. Mwaka 1953 Henry Molaison, Mmarekani, alipasuliwa ubongo kutibu kifafa, akaondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi, eneo la ndani ya ubongo linalosaidia kuunda kumbukumbu mpya, pande zote mbili. Namba aliweza kuishika ilimradi airudie, akikatizwa, ilitoweka. Na hapa ndipo pa ajabu: alifundishwa kuchora nyota akitazama kwenye kioo, akawa hodari siku hadi siku, ilhali kila siku aliamini ndiyo mara yake ya kwanza.

Kitu hudumu pale kiungo kati ya seli mbili za neva, yaani sinapsi, kinapoimarika. Fikiria kasha la VICOBA: kufuli kadhaa, kila ufunguo na mwanachama wake, na wasipokutana halifunguki. Seli inayopokea ina vijilango vya aina hiyo. Ufunguo wa kwanza ni glutamati, kemikali inayomwagwa na seli jirani. Wa pili ni seli inayopokea kuwa tayari imesisimka, maana hapo ndipo magnesiamu iliyoziba tundu hung'oka. Vyote viwili vikikutana, kalsiamu huingia, na ndani ya dakika chache vipokezi vya kunasa glutamati huongezwa upande huo. Lakini uimara huo hufifia baada ya saa chache seli isipotengeneza protini mpya. Sehemu kubwa ya ushahidi huu imetoka kwa wanyama. Bliss na Lømo, watafiti walioonyesha kuimarika huko kwa sinapsi mwaka 1973, walitumia sungura.

Basi anayejifunza kambi za njia ya Machame ya kupanda Kilimanjaro afanyeje? Azisome mara moja: Machame, Shira, Barranco, Karanga, Barafu. Afunike karatasi azitaje, ndipo asahihishe. Alale, kwa kuwa usingizini ubongo huendelea kuzikaza kumbukumbu za mchana, halafu ajipime tena kesho na baada ya siku kadhaa. Katika jaribio la wanasaikolojia Roediger na Karpicke la 2006, waliosoma tena na tena waliongoza baada ya dakika 5. Baada ya wiki waliongoza waliojipima. Kusoma tena hudanganya kwa sababu jicho linayatambua maneno, na kutambua ni kazi nyepesi kuliko kukumbuka.

Akikwama kila mara baada ya Barranco, asianze orodha upya. Aishike Karanga kwa jambo lenye maana: ndipo wapagazi huchota maji ya mwisho kabla ya Barafu.