Makala haipo kwenye katalogi? Tafuta jarida lake

Wengi huamini kwamba makala isipoonekana kwenye katalogi ya maktaba ya chuo, basi maktaba haina. Kwa kawaida katalogi huorodhesha vitabu na majina ya majarida. Makala mojamoja hutafutwa kwenye hifadhidata (mikusanyo ya taarifa za makala inayotafutika kwa kompyuta), ingawa baadhi ya maktaba zimeunganisha vyote. Hivyo kichwa cha makala kinaweza kuleta sifuri hali toleo la jarida lenye makala hiyo liko rafuni.

Kuhakikisha, andika kwenye katalogi jina la jarida, au ISSN yake, yaani namba ya kulitambulisha jarida: alama 8, ya mwisho huweza kuwa X. Kisha angalia miaka iliyopo; rekodi ya “1995–2004” haina toleo la 2010. Kinachokwamisha mara nyingi ni jina lililofupishwa kwenye marejeo. Liandike kwa kirefu.