Jumamosi Leipzig: mji wa Bach kwa masikio ya mwalimu wa kwaya

Anayeulizia muziki wa kale wa Ulaya huelekezwa Vienna, na sina ugomvi na Vienna. Ila Vienna ilikuwa na kaisari, na kaisari akitaka muziki hufungua hazina. Leipzig, mji wa Ujerumani, haikuwa na kasri la mtawala. Mkuu wa Saxony, eneo lenye mji huo, alikaa Dresden. Leipzig walikaa wafanyabiashara, wachapaji vitabu na wanafunzi wa chuo kikuu. Aliyemwajiri mtunzi Johann Sebastian Bach mwaka 1723, awe mwalimu wa muziki wa shule ya Thomas na makanisa ya mji, ni baraza la mji, tena baraza lenye mkono wa birika, na hakuwa hata chaguo lao la kwanza: walitaka watunzi wengine, Telemann, kisha Graupner. Kazi yenyewe ilienda kwa wiki. Andika, nakili, fanya mazoezi, Jumapili imba, Jumatatu anza upya. Mimi ni mwalimu wa kwaya ya usharika, kwa hiyo mji wa namna hii naufahamu kuliko miji ya makasri. Baba watoto yeye haimbi, na analijua hilo. Namwona msafiri mwenza bora, maana huuliza yale ambayo sisi wa nota tunaona haya kuuliza.

Kama mna siku moja tu, nendeni Jumamosi. Sababu ni saa 9 alasiri, nitaifikia.

Kutoka stesheni kuu ni mwendo mfupi kwa miguu hadi Nikolaikirche. Wengi huingia hapa kwa ajili ya mwaka 1989, na wanastahili: sala za amani za kila Jumatatu katika kanisa hili ndizo zilizozaa maandamano dhidi ya serikali ya kikomunisti ya Ujerumani Mashariki, na tarehe 9 Oktoba watu wapatao 70,000 walitembea kuzunguka katikati ya mji bila risasi kufyatuliwa. Ndani, nguzo nyeupe zimechongwa makuti ya mtende juu kabisa, na baba watoto alizitazama hizo hadi shingo ikamuuma.

Mimi nilitazama roshani. Ijumaa Kuu ya tarehe 7 Aprili 1724, Bach aliimbisha hapa Mateso ya Yohana, utungo wake wa kuimba habari ya mateso ya Yesu, kwa mara ya kwanza. Alikuwa amekwisha kuyapanga yafanyike Thomaskirche na kuchapisha vijitabu vyenye jina la kanisa hilo. Baraza likamkumbusha kwamba zamu ni ya Nikolaikirche. Akajitetea: vijitabu vimeshatoka, nafasi ya waimbaji ni finyu, na kinanda kinahitaji matengenezo. Mwishowe baraza likakubali kupanua nafasi, kutengeneza kinanda na kuchapisha tangazo jipya. Mwalimu yeyote wa kwaya aliyewahi kukaa kikao na wazee wa kanisa kuhusu spika na viti atamwonea huruma. Na anayelalamika kwamba kwaya yake ni dhaifu asome barua ya Bach kwa baraza hilohilo, ya mwaka 1730, alipohesabu vijana wa shule yake: 17 wanafaa, 20 bado, 17 hawafai kabisa. Kwa watu hao alitakiwa kuhudumia makanisa manne.

Kabla ya mchana tulikwenda upande wa mashariki, ambako nyumba mbili zinatembeleka kwa pamoja. Ya kwanza ni ya Felix Mendelssohn, mtunzi aliyeongoza okestra ya Gewandhaus, jumba la muziki la mji, tangu 1835 na kufia katika nyumba hiyo mwaka 1847. Kuna chumba chenye spika zilizosimama kama wanakwaya. Unashika fimbo ya kuongozea na muziki unafuata mkono wako. Baba watoto aliongoza polepole mno, akafurahi mno.

Ya pili, Inselstraße 18, ndiyo ningewapeleka wanandoa wowote. Robert na Clara Schumann walihamia hapo mwaka 1840 baada ya kumshtaki mahakamani baba yake Clara, aliyekataa katakata ndoa hiyo. Walifunga ndoa tarehe 12 Septemba, siku moja kabla Clara hajatimiza miaka 21. Walikuwa na shajara ya pamoja ya kuandika kwa zamu, na humo mambo hayakuwa asali tupu: Robert akitunga, Clara alilazimika kuacha kupiga piano, naye ndiye aliyekuwa mpiga piano mwenye jina Ulaya nzima. Makumbusho hayafichi hilo. Tulitoka tukibishana, kwa heri lakini, nani kati yetu hunyamaza ili mwenzake afanye kazi.

Chakula nakipita haraka: kahawa, na kitumbua cha lozi kiitwacho Leipziger Lerche. Zamani jina hilo lilikuwa la ndege halisi walioliwa kwa wingi, mpaka uwindaji wao ulipopigwa marufuku mwaka 1876 na waokaji wakabuni mbadala.

Mbele ya Thomaskirche mna sanamu mbili za kutazama. Bach wa mwaka 1908 ana mfuko wa koti uliogeuzwa nje, mtupu. Mendelssohn amerudishwa mwaka 2008 tu. Sanamu yake ya awali ilibomolewa na Wanazi mwaka 1936 kwa kuwa alizaliwa Myahudi, na meya Carl Goerdeler, aliyekuwa safarini, alijiuzulu kwa sababu hiyo.

Sasa saa 9. Kwaya ya wavulana wa Thomas, iliyoanza mwaka 1212, huimba hapa Ijumaa saa 12 jioni na Jumamosi saa 9 alasiri, na mara nyingi Jumamosi huwa na kantata nzima (utungo wa ibada wenye vipande kadhaa vya kwaya, waimbaji pekee na vyombo) pamoja na wapigaji wa okestra ya Gewandhaus. Kiingilio ni programu unayonunua mlangoni kwa euro chache. Fikeni mapema, hakuna viti vya kuhifadhiwa. Msipige makofi: hii ni ibada, ina neno fupi na sala. Na msigeuke geuke. Kwaya iko roshani ya magharibi, nyuma yenu. Baba watoto alinong'ona, "Tumekuja kuwasikiliza, mbona hatuwaoni?" Jibu ni kwamba muziki huu uliandikwa kwa watu waliotazama altare.

Namna ya kuusikiliza basi ni kutafuta wimbo wa kitabuni uliofichwa ndani yake. Chukua kantata ya Bach namba 140, ya Novemba 1731. Iliandikwa kwa Jumapili ya 27 baada ya Utatu, siku inayopatikana Pasaka ikiwahi sana, na somo ni wanawali kumi. Katika kipande cha kwanza fidla zinatembea kwa hatua za maandamano, sauti tatu za chini zinakimbizana, na soprano wanashika wimbo wa mchungaji Philipp Nicolai kwa nota ndefu, bila haraka. Ukikamata ile soprano, hupotei. Baadaye Yesu na nafsi wanaimbiana kama bwana na bibi arusi, na usipojua Kijerumani utadhani ni wapenzi wawili, hutakuwa mbali. Mwisho sauti zote nne zinauimba wimbo ule wazi, kama tunavyouimba sisi.

Na kweli tunauimba. Misheni ya Leipzig ndiyo iliyotuma wamisionari waliofungua kazi Machame mwaka 1893, na nyimbo za namna hii zilikuja nao Kilimanjaro, hata leo tunazipiga kwa matarumbeta. Katikati ya ibada watu wote huimba wimbo mmoja. Siku hiyo sauti yake niliijua tangu Shule ya Jumapili, nikaimba kwa Kiswahili. Baba watoto naye akaimba. Bahati nzuri kinanda cha mabomba cha Sauer, cha mwaka 1889, kina nguvu za kutosha.

Jioni tulivuka hadi Gewandhaus, jumba lililofunguliwa mwaka 1981 kwa okestra ambayo mizizi yake ni klabu ya muziki iliyoanzishwa mwaka 1743 kwa fedha za wafanyabiashara. Hapo makofi yanaruhusiwa, viti vinapanda kuzunguka jukwaa, na maneno ya Seneca ukutani yanasema furaha ya kweli ni jambo zito. Okestra hii hii huhudumia opera, jumba lake na Thomaskirche, kwa zamu.

Angalieni tu ratiba kabla ya kukata tiketi ya treni. Wakati wa likizo za shule, hasa Julai na Agosti, wavulana hawapo na kwaya za wageni hushika nafasi yao. Juni kuna tamasha la Bach na vyumba huwa ghali. Mimi ningechagua Novemba, na koti zito.