Shimo kavu: maumivu yanayokuja siku ya tatu baada ya kung'oa jino

Umeng'olewa jino Jumatatu. Ganzi ilipoisha pakauma, ukameza panado, ukalala. Jumatano ulikuwa unakunywa uji na kuwaambia watu umepona. Alhamisi usiku wa manane unaamka umeshika shavu: maumivu yanapiga kuliko hata jino lenyewe lilivyouma, yanapanda mpaka sikioni, na mdomo una ladha mbaya na harufu. Nyumbani jibu ni moja: "Daktari kaacha mzizi."

Mzizi kubaki hutokea, lakini maumivu yenye mwendo huu, ya kutulia kwanza kisha kurudi kwa kishindo siku ya pili hadi ya nne, mara nyingi ni kitu kingine. Madaktari wa meno hukiita drai soketi, yaani shimo kavu. Jina lenyewe ni la zamani, liliandikwa tangu mwaka 1896, na limebeba maana yake: shimo la jino lililotakiwa kufunikwa na damu iliyoganda limebaki tupu, na mfupa wa taya uko wazi.

Jino likitoka, shimo lake hujaa damu, na damu ile huganda ikawa bonge jekundu lililoiva kama ini. Wengi huliona uchafu, wakatamani kulisafisha. Kumbe ndilo bandeji. Limefunika mfupa na ncha za mishipa ya fahamu, na ndani yake ndimo nyama mpya inamoanza kuota. Likiondoka mapema, kila kinachopita mdomoni, hewa, maji baridi, punje ya wali, kinagusa mfupa mtupu.

Huondoka kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuchomolewa: kunyonya soda kwa mrija, kuvuta sigara au shisha, kusukutua kwa nguvu siku ileile. Na kutema mate. Hili la kutema huanza kwa hofu tu, maana tone moja la damu likichanganyika na mate mdomo mzima unaonekana unavuja, basi mtu anatema kila dakika mpaka bonge linalegea. Meza mate.

Njia ya pili ni bonge kuyeyuka lenyewe. Mwili una vimeng'enya vya kuyeyusha damu iliyoganda, na jino lililotoka kwa kusumbuana sana, au lililokuwa na maambukizi, huviamsha kabla ya wakati. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni navyo huongeza uwezekano huo. Ndiyo maana mtu anaweza kushika masharti yote na bado likampata, asilaumiwe. Kwa jino la kawaida huwapata kama watu 1 hadi 5 katika kila 100. Kwa magego ya mwisho ya chini idadi hupanda sana, na tafiti nyingine zimefikisha 30.

Kitu kimoja huwachanganya watu. Siku chache baada ya kung'oa, shimo linalopona vizuri hufunikwa na utando mweupe au wa manjano. Si usaha. Ni sehemu ya kupona, na anayeukwangua kwa kijiti anajitengenezea tatizo ambalo hakuwa nalo. Usiangalie rangi, angalia mwendo wa maumivu: ya kawaida hupungua kila siku, ya shimo kavu hupanda.

Na kwa kuwa halina usaha wala homa, amoksilini ya kununua duka la dawa hailitibu. Watu humaliza dozi nzima, maumivu yakaisha siku ya saba au ya kumi, dawa ikapewa sifa ambayo ni ya mwili wenyewe. Kinachosaidia ni kurudi kwenye kile kiti. Daktari hulisafisha shimo kwa maji ya chumvi na kuweka dawa yenye yujenoli, kiini cha mafuta ya karafuu. Mtu wa Pemba ataijua harufu kabla hajafungua mdomo. Nafuu huja haraka, pengine ndani ya saa moja. Lakini usijimiminie mafuta ya karafuu nyumbani, yakiwa makali huunguza nyama. Nyumbani inatosha dawa ya maumivu uliyoelekezwa na, kuanzia saa 24 baada ya kung'oa, maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi, ukiyazungusha taratibu na kuyaacha yadondoke.

Shimo kavu linatesa lakini haliui. Tofautisha na haya: homa, uvimbe unaoshuka chini ya taya au shingoni, mdomo kushindwa kufunguka, kumeza kwa shida, kupumua kwa shida. Hayo ni maambukizi yanayosambaa, na safari ya hospitali ni usiku huohuo. Damu inayoendelea kutiririka hata baada ya kung'ata shashi safi nusu saa bila kuchungulia nayo inahitaji daktari, hasa ukiwa unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Maji yakipitia puani baada ya kung'oa gego la juu, au mdomo wa chini ukibaki na ganzi mpaka kesho yake, mrudie aliyekung'oa na umweleze vilevile, pamoja na siku maumivu yalipoanza. Siku hiyo ndiyo atakayoiuliza kwanza.