Kimya cha Miaka Kumi Hakijaua Urafiki

Jumamosi nimeisikia tena, kwenye kikao cha harusi: "Tulisoma naye, miaka kumi kimya, leo ananipigia kwa sababu ana shida. Huo si urafiki." Wajumbe wakatikisa vichwa kukubali. Nafundisha sosholojia, mahusiano ya watu ndiyo kazi yangu ya kila siku, na kauli hii imenichosha. Si kweli, na inawafanya watu waone haya kupiga simu.

Tunachanganya kuonana na kuaminiana. Kuonana hukatika upesi: mmoja kapangiwa kazi Mpanda, mwingine yuko Muscat. Kuaminiana hakuondoki kwa kasi hiyo. Mwaka 2011 Daniel Levin, Jorge Walter na Keith Murnighan walichapisha utafiti ambao mameneja waliombwa wawatafute watu wasiozungumza nao kwa miaka mitatu au zaidi, wawaombe ushauri wa kazi. Ushauri ule ulifaa, na mara nyingi ulikuwa na mapya kuliko wa watu wao wa kila siku. Rafiki unayeshinda naye anajua unayoyajua. Aliyepotea ameishi kwingine.

Sasa bweni la shule, ulikoanzia urafiki huu, maana hapa ndipo watu hukosea zaidi. Eti tulishibana kwa sababu tulifanana. Tulifanana wapi? Kidato cha tano serikali ilikupangia shule na tahasusi. Mtoto wa Bukoba akajikuta Songea, wa Mtwara akapanda treni kwenda Tabora. Hakuna aliyemchagua mwenzake. Mwanasaikolojia Leon Festinger na wenzake, katika kitabu cha mwaka 1950 kuhusu nyumba za wanafunzi wenye familia wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, walionyesha kuwa aliyepangiwa mlango wa jirani ndiye aliyeelekea kuwa rafiki. Deka, kile kitanda cha ghorofa, ni zaidi ya mlango wa jirani. Anayelala juu yako unajua anavyokoroma, unajua ni barua gani ilimliza, na unamkumbuka aliyekugawia sukari ikiwa imebaki ya kijiko kimoja kwenye tranka.

Mtafiti Jeffrey Hall, mwaka 2018, alikadiria kuwa urafiki wa karibu huhitaji zaidi ya saa 200 za kuwa pamoja. Watu wazima wanaokutana saa mbili kila Jumamosi watazifikisha baada ya karibu miaka miwili. Bwenini, kwa saa kumi tu kwa siku, ni siku 20. Hesabu hii ina kasoro, nakiri: Hall aliwachunguza Wamarekani, na aliona muda wa kufanya kazi pamoja haujengi ukaribu kama muda wa kupiga soga. Kwa hiyo toa darasa, toa prepo ya kujisomea usiku. Bado inabaki foleni ya bwalo, kufua Jumamosi, na maneno ya gizani taa zikishazimwa.

Na hiyo shida mnayoilalamikia ndiyo inayoondoa haya. Kumpigia mtu baada ya miaka kumi bila sababu ni kazi ngumu; msiba unakupa sababu. Tulipomzika baba, alifika mtu tuliyelala naye deka moja. Miaka 19 hatukuwa tumesemezana. Aliulizia makaburi yako wapi, akachukua jembe, akaungana na wachimbaji. Tulisalimiana jioni.

Lakini kuna jambo linaninyima usingizi. Tafiti hizi humwacha mtu achague wa kumtafuta, na hakuna anayemchagua aliyemtesa. Aliyenyanyaswa bwenini alizipata saa zilezile 200, zikamfundisha kuogopa. Kwake kimya ni kinga, na hesabu zangu hazimhusu. Katika grupu letu la WhatsApp yupo mmoja aliyejitoa mara tatu, na kila mara kuna anayemrudisha huku wengine wakishangilia. Nimewaandikia viongozi wa grupu: akijitoa tena, msimwongeze. Akitaka kuzungumza na mmoja wetu, namba tunazo zilezile.