Ndege za Kisovieti hazikuanguka kwa ubovu wa mitambo pekee

Wengi huamini ajali za Aeroflot, shirika la ndege la Muungano wa Kisovieti, zilitokana na ndege mbovu. Ajali ya Omsk, mji wa Siberia, Oktoba 11, 1984, haikuwa hivyo: ndege ile ya abiria, aina ya Tu-154, ilikuwa nzima.

Mvua ilikuwa imenyesha, na magari ya kukausha njia ya kurukia, yenye mafuta mengi ya kuendeshea vipulizio vya hewa moto, yaliruhusiwa kuingia kazini. Mwongozaji wa ndege wa uwanjani aliyetoa ruhusa hakuwasha ishara kwamba njia ina watu, kisha akalala. Taa za tahadhari juu ya magari zilizimwa kwa sababu ziliwaumiza madereva macho. Rubani aliuliza kama njia ni tupu, akajibiwa na mwongozaji mwingine kuwa ni tupu. Aliyaona magari akiwa ameshatua. Walikufa watu 178, wanne kati yao wakiwa wafanyakazi waliokuwa ardhini. Kinga tatu zilishindwa, na hakuna hata moja iliyokuwa ndani ya ndege.

Kasoro za usanifu zilikuwepo kweli. Mwaka 1982, karibu na Mozyr, mji wa Belarusi, skrubu ya kuendesha kiimarishi (bawa dogo la mkiani linaloweka ndege sawa) cha ndege ya abiria aina ya Yak-42 ililika na kukatika; walikufa watu 132, na ndege za aina hiyo zikasimamishwa.